Mdogo Wangu Hakai Kiti cha Abiria

Bundaberg, 6 Mei 2018

Wifi Coralie,

Kadi yako nimeipata. Upande mmoja picha ya ufuko wenu wa Caloundra, upande wa pili mistari mitatu: unauza nyumba yako, mnanunua gari-nyumba, na mtaishi humo barabarani mwaka nenda mwaka rudi, bila anwani. Mistari mitatu! Paka akizaa watu huandika zaidi ya hapo.

Najua wewe ni mtu wa simu. Mimi sikio la kushoto limeshakufa na la kulia linasikia linachotaka, kwa hiyo itabidi tuandikiane kama watu wa zamani, na utanivumilia.

Haya, hongera. Nimeshasema. Sasa nisikilize. Mervyn ni mdogo wangu wa pekee. Kila aliposhuka kwenye lori lake alishukia hapa, nyumbani kwa Mama, na Mama alipotutoka tulibaki wawili, mimi na yeye, mpaka ulipomwona kwenye dansi ya wastaafu na yeye, mzee mzima, akagundua ghafla kwamba anahitaji mke. Sikusema neno. Nilivaa kofia, nikapigwa picha, nikala keki yako.

Lakini hili la gari nitasema. Mtu aliyeendesha malori ya ng'ombe yenye matela matatu, kutoka Winton mpaka Rockhampton, vumbi, mvua na kangaruu wote wa dunia mbele yake, hachaguliwi gari na mtu. Mwachie achague mwenyewe. Atataka injini ya lori. Atataka kukaa juu aone mbali. Usije ukamnunulia kigari chenye mapazia ya maua kwa sababu tu ulikuwa na duka la maua.

Na mkumbuke kitanda cha mgeni, nikija kutembea.

Nani anamkata nywele siku hizi? Kwenye picha ya Pasaka nyuma kumekaa vibaya.

Avis


Caloundra, 19 Mei 2018

Wifi yangu Avis,

Nywele nakata mimi. Nitajitahidi nyuma.

Samahani kwa kadi. Nilikaa nayo mezani asubuhi nzima na ile mistari mitatu ndiyo iliyotoka.

Wiki hii tumezunguka kwenye maduka ya magari mpaka miguu imevimba. Wauzaji wote wanamwita Merv "bosi" na kumfungulia boneti, halafu wananigeukia mimi kuniuliza kama napenda rangi ya mito. Gari la kwanza lilikuwa kama unavyotaka wewe: lori hasa, refu kwenda juu, na kitanda kimewekwa juu ya kichwa cha dereva, unapanda kwa ngazi. Merv alilipiga matairi teke, akalizunguka, akacheka peke yake kwa furaha. Nikasema hapana. Mtu akiamka gizani kwenda chooni atashuka na shingo iliyovunjika.

La pili lilikuwa kama basi. Sofa ya ngozi, mashine ya kufulia, televisheni inayochomoza kutoka kabatini. Muuzaji akasema, "Mama, humu hutakumbuka nyumba." Nikamuuliza uzito. Akaanza kukohoa. Likijazwa maji na mizigo linapita leseni ya kawaida, na leseni yangu mimi ni ya kawaida.

Ndiyo, Avis, nitaendesha mimi. Merv anasema amechoka na usukani, anataka kutazama nje kama watu wengine. Ni uamuzi wetu wawili.

Bado tunatafuta. Kitanda cha mgeni ni tatizo. Kwenye mengi ya ukubwa tunaotaka, meza inakunjuliwa ikawa kitanda cha mtoto mfupi, na wewe si mfupi.

Merv anakusalimu. Yuko nje anaosha gari dogo kwa mara ya pili leo.

Coralie


Bundaberg, 27 Mei 2018

Wifi,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nimekaa, ya pili nimesimama. "Nitaendesha mimi." Loo! Na viatu utamfunga wewe?

Mervyn amechoka na usukani? Nani kasema? Wapo watu wanaochoka na kazi, wapo wanaochoka na wake zao, lakini Mervyn Stubbings kuchoka na usukani, hilo sijapata kulisikia. Alipokuwa mtoto alikuwa anakaa kwenye kiti cha jikoni na sahani mkononi, anaendesha mpaka Darwin na kurudi kabla chai ya Mama haijapoa. Nilikuwa abiria wake. Mimi, siyo wewe.

Sasa wewe unapima gari kwa leseni yako! Atakaa upande wa kushoto kama mzigo, ameshika mfuko wa peremende, na wewe umekumbatia usukani unakwenda mwendo wa msiba. Barabara zile zote zinamjua. Madereva watampigia honi, wataona nani ameshika usukani, na watacheka mpaka Cloncurry.

Sema ukweli tu. Hutaki lori kwa sababu kwenye lori angekuwa yeye. Alikuwa mtu mzima kabla hajakujua wewe, mwenzangu, na hakuwahi kuanguka kwenye ngazi.

Na hilo la kitanda cha mtoto mfupi nimelielewa vizuri sana. Ungeandika tu: Avis, usije.

Nimemwokea keki ya matunda. Ni ya kwake. Usimkatie vipande vyembamba.

Avis


Caloundra, 16 Juni 2018

Wifi Avis,

Tumeshanunua.

Si jipya. Tumelichukua kwa mtu na mkewe wa Maryborough ambao magoti yao yamekataa safari. Ni fupi kuliko alivyotaka Merv na refu kuliko nilivyotaka mimi. Linakula dizeli na gia zinabadilika zenyewe. Kitanda kiko nyuma, chini, unaweza kukizunguka bila kumruka mwenzako. Choo kiko hapo hapo. Ngazi ya mlangoni ni moja tu, pana. Mlango uko nyuma ya kiti cha abiria, na mimi nikiwa nimekaa mbele nauona wote kwenye kioo. Nimeutundikia kengele ndogo, mazoea ya dukani.

Ulitaka ukweli, basi chukua huu. Keki ilifika. Aliila amesimama, karatasi bado mkononi, amefumba macho. "Hii ni ya Avis," akasema, kama mtu aliyefika nyumbani. Mchana huo huo nilikuwa nimempikia pai ya nyama na aliacha nusu. Wewe unadhani mimi nimeshinda kitu hapa. Vikombe vyangu vinatundikwa masikio yakitazama kulia kwa sababu Avis anatundika hivyo. Shuka zinakunjwa pembe tatu kwa sababu ya Avis. Nikimwuliza chai imekuwaje ananiambia Avis huweka maziwa ya kopo. Nimeolewa na Merv, na wewe umo ndani ya nyumba yangu kila siku, bila hata kulipa nauli.

Kwenye hili gari nilitaka vikombe vitundikwe ninavyotaka mimi. Ni dhambi hiyo?

Tunaondoka mwisho wa mwezi. Tutaelekea magharibi, barabara zake za zamani. Yeye ndiye aliyezichagua.

Coralie


Bundaberg, 8 Julai 2018

Coralie,

Mlipita Gin Gin.

Usikatae. Narelle, jirani yangu wa ukuta mmoja, alikuwa kituo cha mafuta pale anajaza gari lake. Amewaona. Gari jeupe, wewe kwenye usukani, mdogo wangu upande wa abiria. Narelle amemjua Mervyn tangu wote wana meno yao. Alimpungia, akamwita kwa jina, akaja mpaka dirishani. Anasema Mervyn alimtazama kama anatazama nguzo ya umeme. Kisha wewe ukafunga kioo, ukasema mnachelewa, ukaondoa gari.

Mnachelewa wapi? Watu wasio na nyumba wala kazi wanachelewa wapi?

Kutoka Gin Gin mpaka mlango wangu chai haipoi kwenye chupa. Nilikuwa hapa. Nilikuwa natoa nguo kambani kwa sababu wanachoma miwa wiki hii na majivu yanaanguka kila mahali. Kama ningejua ningesimama barabarani na zile nguo zenye majivu mkononi.

Sasa naona kila kitu. Ulichagua gari lisilo na kitanda changu. Ulichagua barabara isiyo na mlango wangu. Umemfundisha asiwajue hata majirani zake. Sijawahi kuona wivu wa namna hii, na mimi wivu naujua, maana nimelala nao tangu siku ya harusi yenu, ndiyo, nasema. Ulimchukua mtu niliyekuwa nakula naye kila siku, ukanipa kadi ya Krismasi.

Sitaki barua yako tena. Nataka ya kwake, kwa mkono wake. Kama hataki kuniona aniandikie yeye mwenyewe hivyo.

Hii naituma posta ya Longreach, ambako barabara zake zote hupita, waitunze mpaka mtakapoiulizia, maana hata anwani ya ndugu yangu sina.

Avis


Longreach, 17 Julai

Dada Avis,

Coralie anasema umekasirika na mimi niandike. Usikasirike bwana. Hali ni nzuri. Gari linakwenda vizuri, injini haina kelele. Choo kimo ndani, fikiria, miaka yote ile mimi na vichaka! Coralie anaendesha kama amebeba mayai lakini hajagonga kitu.

Tumepita Barcaldine na nimeona ile hoteli walikokuwa wananipa nyama mbichi katikati. Ipo. Jua la huku unalijua. Asubuhi baridi mpaka vidole vinakataa, mchana unavua kila kitu. Kasuku wa rangi ya waridi wamejaa kwenye tangi la maji, kelele tupu, kama wewe ukiwa na hasira.

Nimekwenda kwenye mazizi ya kupakilia. Ng'ombe walikuwa wachache. Sijapangiwa mzigo wiki hii, sijui kwa nini, labda bosi ameniweka kando kwa ile tairi. Nikipata mzigo nitashuka nao mpaka Rockhampton halafu nije nyumbani.

Mwambie Mama asinisubiri kula. Aniachie nyama ya chumvi na kabichi, afunike na sahani. Na asikate nyasi mwenyewe, mgongo wake. Nitakata Jumapili.

Ndugu yako
Merv


Bundaberg, 23 Julai 2018

Coralie,

Barua ya Mervyn imefika. Nimeisomea pale pale kwenye sanduku la barua, nikaingia ndani, nikakaa kwenye kiti cha Mama.

Mervyn alilibeba jeneza la Mama upande wa mbele. Mimi nilikuwa nyuma yake.

Huna haja ya kunieleza ni ugonjwa gani. Nimeuogesha ugonjwa huo, nimeulisha, nimeufuata barabarani umevaa gauni la kulalia. Mistari ya Mervyn inapanda mlima kila mwisho, kama ya Mama ilivyokuwa. Naijua kuliko wewe. Katika dunia hii nzima, kama kuna mtu mmoja aliyestahili kuambiwa siku ya kwanza, saa ya kwanza, ni mimi.

Tangu lini? Na kwa nini ulimficha nisimwone?

Avis


Longreach, 30 Julai 2018

Wifi yangu Avis,

Nakujibu nimekaa kwenye kiti cha dereva nimekigeuza nyuma, yeye amelala. Nitakueleza yote na sitajipamba.

Ilianza mwaka jana kabla ya Krismasi. Alikwenda kununua uduvi wa sikukuu na akarudi jioni, tangi tupu, uduvi umeoza kwenye kiti. Alikuwa amefika karibu na Gympie, mwendo wa saa nzima. Akaniambia alipitia kazini. Nilicheka, Avis. Nilidhani ni utani. Baada ya hapo ikawa funguo, ikawa jiko, ikawa kuosha gari mara mbili kwa siku. Mwezi wa Machi daktari alitukalisha na kutuambia kwa sauti ya upole.  Merv alitoa pochi, akatoa leseni yake, akaniwekea mapajani kama mtu anayerudisha kitu alichoazima. 

Usiku wa siku hiyo alisema mambo mawili. La kwanza: "Nataka kuziona barabara zangu wakati bado ni zangu." La pili: "Avis asijue." Nikamwambia haiwezekani, ni dada yako. Akanishika mkono hapa, kwa nguvu, alama ilikaa. "Mimi nilikuwa naondoka," akasema. "Mama alipokuwa anampiga Avis, anamwita mwizi, mimi nilikuwa nawasha lori naondoka. Alizeeka jikoni mle. Akijua atakuja. Hawezi kukaa bila kuja. Nisimfanyie tena." Akaniapisha. Nikaapa.

Kwa hiyo gari tulichagua kwa ugonjwa. Kila kitu ulichokicheka nilijua kwa nini unakicheka, na kiapo kilinizuia kukueleza. Ngazi, kwa sababu huwa anaamka na hajui yuko wapi. Gia, kwa sababu lazima niendeshe mimi hata mkono mmoja ukiwa umemshika. Fupi, kwa sababu nikikosea njia peke yangu lazima niweze kuligeuza. Kengele ya mlango umeshaelewa. Lile lori lenye kitanda juu nililipenda hata mimi. Alipokuwa anacheka kwa furaha nilikwenda nyuma ya lile duka nikalia, nikarudi nikasema hapana, na muuzaji akamwambia, "Pole bosi, wanawake ndivyo walivyo."

Gin Gin tulikwenda kwa sababu alitaka kukuona. Ndiyo. Asubuhi ile alikuwa mzima kabisa, akasema tumpitie Avis, tunywe chai tu, hatajua. Tulipofika kituo cha mafuta akaanza kubadilika. Narelle alipokuja dirishani hakumjua, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Huyu anataka nini?" Nikaogopa. Nilikiona kiapo changu kinavunjika mlangoni kwako. Nikaondoa gari. Alikwenda njia nzima akiniuliza mbona hatujafika kwa Avis.

Sasa lile ambalo sikutaka kuliandika. Wiki iliyopita kengele ililia nikiwa naoga. Nilitoka na taulo na povu kichwani. Nilimkuta kwenye mazizi ya ng'ombe, ameegemea bomba, amekaa kwa amani tu. Nikamwambia twende nyumbani Merv. Akanitazama kwa adabu, ile adabu unayomwonyesha mtu wa benki. "Asante mama," akasema, "namsubiri Avis."

Anakuita kila siku, wifi. Anapoamka anakuita. Nikimpa chai anasema asante Avis. Nimesahihisha, nimenyamaza, nimesahihisha tena. Mwanamke wa kanisani alinipa pole akasema angalau bado ana mtu anayemkumbuka. Nilitaka kumpiga na kikapu. Kwa sababu mtu huyo si mimi. Mimi ndiye ninayemwosha, ninayemwaga choo, ninayejua kila kituo cha maji kutoka hapa mpaka Emerald, na jina linalomtoka ni lako. Unasema unaujua wivu. Basi karibu ukae, tuko wawili.

Sikuombi uje. Niliapa. Nakueleza tu.

Coralie


Bundaberg, 6 Agosti 2018

Coralie,

Wewe uliapa. Mimi sikuapa kitu.

Nakuja na treni ya Jumatano ijayo. Narelle atamlisha mbwa. Katika ile meza ya mtoto mfupi silali, nitafutie chumba hotelini, chini, karibu na choo.

Siji kumwuguza. Mwambie hivyo akiwa na akili zake: Avis anakuja kutembea, kama wifi wa kawaida asiyealikwa. Nikishika sponji uniambie niweke chini.

Nakuja na nyama ya chumvi.

Avis


Bundaberg, 2 Septemba 2018

Wifi yangu Coralie,

Nimefika salama. Ndege weusi na weupe wameanza kutaga kwenye mti wa Narelle na wamenishambulia nikishuka kwenye teksi, kofia imetoboka. Mbwa amenenepa.

Nimekaa na kalamu hii siku kadhaa. Pale kwenye uwanja wenu wa magari-nyumba, mbele yako, nisingeweza kuyasema haya, na asubuhi ya kuondoka ulikuwa unanifungia mikate huku umenigeuzia mgongo kwa hiyo na wewe hukuweza. Haya.

Nakumbuka nilivyoshuka kwenye treni. Alinijua kabla miguu haijagusa chini. "Avis!" Akanibeba, na mgongo wake ule. Akanisimulia mabehewa, injini, kila kitu. Juu ya bega lake nilikuona umesimama nyuma na pochi yangu mkononi, kama dereva aliyekodiwa. Nitakuambia kitu kibaya: nilifurahi. Nilisafiri usiku kucha nikiombea hilo hilo, anijue mimi mbele yako. Na nilipolipata nililishika vizuri, nikalifurahia mpaka tumefika kwenye gari.

Kisha nikakaa kwenu. Nilikuona unavyomfungia mkanda kabla hajakumbuka kwamba hajui. Nilikuona unavyomwuliza njia ambayo unaijua, "Merv, hapa kulia au moja kwa moja?" na yeye anakaa vizuri kitini, ananyoosha kidole, bosi kabisa. Malori yalipopita na kupiga honi aliinua mkono. Hakuna aliyecheka. Nilikuwa nyuma nimebana miguu kwenye kile kimeza chako na nikaona kwamba hata ningelichagua mimi, mimi niliyemlea Mama, nisingechagua vizuri namna hiyo. Mlango ningeukosea. Mlango wa Mama niliufunga kwa kufuli, na yeye akaupiga mpaka ngumi zikatoka damu.

Sasa ile siku ya mwisho. Ulikuwa umekwenda kulipia uwanja. Sisi tulikuwa kwenye viti vya kukunja, jua linazama, yeye ana kikombe chake. Akakufuata kwa macho, pale ulipokuwa unaongea na mwenye uwanja. Halafu akaniinamia sikio la kulia, alikumbuka lipi linasikia.

"Avis," akasema, "yule mwanamke anayeendesha."

Nikasema, "Eh, ana nini?"

"Ana mtu?"

 Nikamwuliza, "Kwa nini unauliza?"

"Nampenda," akasema. Uso wote umemwiva kama kijana. "Ni mkali kidogo. Lakini nikikaa pale pembeni yake siogopi kitu. Nilikuwa nafikiri nimwombe. Unaonaje? Atakubali mtu kama mimi, mtu wa malori, hakai nyumbani?"

Coralie, alikuwa ananiuliza mimi. Kwamba aoe au asioe. Mara ile ya kwanza hakuniuliza, alikuja ameshaamua, na jambo hilo limenikaa kooni mpaka leo. Nami nilikuwa na jibu tayari tangu siku hiyo, jibu refu lenye sababu. Angelisikiliza. Angelisahau kabla ya chakula cha jioni, lakini angelisikiliza.

Nilikutazama. Ulikuwa unahesabu chenji, soksi zako haziendani, nywele zinapepea. Nilikuonea wivu pale kuliko siku zote. Mimi ananikumbuka, sawa. Nimo humo tangu utotoni, hata yeye akitaka hawezi kunitoa. Wewe amekusahau kabisa, jina, harusi, kila kitu, na amekuona mara moja kwenye kiti cha dereva na kukupenda upya. Mimi hakuna mtu aliyenipenda hata mara moja namna hiyo.

Nikamwambia, "Muulize. Lakini vaa shati safi kwanza, na usimuulize akiwa na njaa."

Akacheka, akanipiga bega. Ukarudi, ukauliza mnacheka nini, tukasema tunawacheka kasuku.

Kwa hiyo atakuuliza. Sijui lini. Usimwambie kwamba mmeshaoana, usimwonyeshe pete. Mwache aulize.

Vikombe vitundike unavyotaka.

Avis


Karumba, 21 Septemba 2018

Wifi,

Ameuliza.

Hakuchagua mahali. Nilikuwa kwenye shimo la kumwagia choo, glovu mpaka kwenye viwiko, nimekumbatia lile sanduku la uchafu wa choo, upepo wa bahari unanirudishia harufu yote usoni. Alikuja amevaa shati jeupe, amelifunga vifungo vyote mpaka shingoni, kimoja kimekosea tundu. Watu wawili walikuwa kwenye foleni nyuma yetu na masanduku yao. Akavua kofia. Akasema jina lake lote, Mervyn Keith Stubbings, kama anajitambulisha kwa askari. Akasema hana nyumba ila ana kazi nzuri, na kwamba anajua hanistahili.

Nilisahau yote uliyoniandika. Nilisimama pale nalia na lile sanduku. Yule bwana wa nyuma yangu akanipokea sanduku.

Nilivua glovu, nikasema ndiyo.

Watu wakapiga makofi. Merv akanibusu, akanitazama kwa furaha kubwa, akavaa kofia yake.

"Ngoja kwanza," akasema, "nimwandikie Avis."

Hata hapo, wifi. Hata hapo!

Coralie